Cheche Inaonekana Nje, Mbona Gari Linamisi Mlimani?

Ukikaa nusu siku kwenye gereji yoyote ya kando ya barabara hapa Mbeya, iwe Uyole, Mafiati au Mbalizi, lazima utaliona jaribio hili. Fundi anachomoa plagi, anairudisha kwenye waya wake, anailaza juu ya chuma cha injini, kisha anamgeukia mwenye gari: "Hebu piga selfu, bosi." Injini inazunguka, plagi inarusha cheche ya buluu, na hukumu inatoka papo hapo: moto upo. Kuanzia dakika hiyo mfumo wa kuwasha umeachiwa huru, na lawama zinahamia kwenye pampu ya mafuta, nozeli zinazonyunyizia petroli kwenye injini, filta, hata petroli ya kituo ulichojaza jana.

Mimi niliwahi kununua pampu ya mafuta kwa hukumu ya namna hiyo. Gari lilikuwa Corolla yenye injini ya 5A-FE, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Tambarare lilikwenda bila shida, lakini likianza kupanda kutoka Igawilo kuelekea Isongole lilishtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Pampu mpya ikafungwa. Kesho yake nikapanda tena, na kwikwi ikawa ileile. Hakuna aliyenidanganya. Fundi aliiona cheche kwa macho yake, na mimi niliiona. Tatizo ni kwamba cheche ile ilikuwa inajibu swali jingine, na sisi tulidhani imejibu la kwetu.

Msimu huu wa baridi nimesikia mkasa wa aina hiyo kwa majirani wawili na dereva mmoja wa Noah, kila mmoja na kifaa chake alichonunua bure. Ndiyo maana naona tulifungue jambo hili tangu mwanzo: cheche inatoka wapi, inapimwaje, na kwa nini mlima unaona kile ambacho macho yetu hayakuona.

Maneno kwanza

Gereji zetu huita "moto" karibu kila kitu. Umeme wa betri ni moto, cheche ya plagi ni moto, na joto la injini nalo ni moto. Mtu akikwambia "koili haina moto", hujui kama anasema umeme haufiki kwenye koili, au unafika lakini koili haitoi kitu. Hayo ni magonjwa mawili yenye dawa mbili tofauti. Kwa hiyo hapa nikisema umeme, namaanisha ule wa betri, wa volti 12. Nikisema cheche, ni ule mruko mfupi kati ya ncha mbili za plagi. Na kumisi ni silinda moja au zaidi kukosa kuwaka zamu yake inapofika.

Haya yote yanahusu injini za petroli, bajaji na bodaboda zikiwemo. Fuso na Scania zinazopishana kwenye barabara ya Tunduma, pamoja na Hilux za dizeli, hazina cheche kabisa. Dizeli hushindilia hewa mpaka ikapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Zile zinazoitwa plagi kwenye baadhi ya injini hizo ni vipasha joto tu, vinavyowiva kama waya wa pasi ili kusaidia injini kuwaka asubuhi ya baridi. Mtu akilalamika kwamba gari lake linamisi kwa sababu ya plagi, muulize kwanza linatumia mafuta gani.

Bomba linalogonga ukutani

Volti 12 haziwezi kuruka pengo la plagi, hata uzibembeleze vipi. Zinahitajika maelfu ya volti, na kazi ya kuzizalisha ni ya koili. Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri hupita kwenye waya mnene na kuijaza koili nguvu ya sumaku. Kisha unakatwa ghafla, na hapo ndipo cheche inapozaliwa kwenye ule waya mwembamba.

Hapa watu wengi hugeuza mambo. Wanaamini cheche hutokea umeme unapofika kwenye koili, kumbe hutokea umeme unapokatwa. Sisi wa nyanda za juu tunaotumia maji ya mserereko kutoka mlimani tunao mfano wake nyumbani. Fungua koki maji yatiririke, halafu ifunge kwa kishindo: bomba linagonga ukutani. Maji yaliyokuwa yakitembea kwa utulivu, yakizuiwa ghafla, yanasukuma kwa nguvu kubwa kuliko waliyokuwa nayo koki ikiwa wazi. Ukiifunga polepole, hakuna kinachogonga.

Mfano huo unaeleza pia makosa mengi ya zamani. Kwenye magari ya platini, anayefungua na kufunga ni vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distibuta (kile kifaa kinachogawa cheche kwa silinda), vinavyoachana kwa nafasi ya milimita 0.4 hadi 0.5. Vikichakaa na kuota vinundu, au kondensa, kile kifaa kidogo kinachosaidia ukataji uwe wa ghafla, ikifa, ukataji hauwi wa ghafla tena. Koki inafungwa polepole, na cheche inakuja dhaifu, ya manjano. Magari yaliyofuata yaliondoa platini na kuweka kikataji cha elektroniki. Ya siku hizi humwachia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kazi hiyo, nayo hupokea taarifa kutoka kwa sensa inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini.

Tofauti nyingine ni namna cheche inavyogawiwa. Kwenye Corolla yangu kuna koili moja, na rota ndani ya kofia ya distibuta inazunguka ikigawa cheche kwa waya nne, kwa mpangilio wa silinda ya 1, 3, 4, kisha 2. Kwenye IST yenye injini ya 1NZ-FE hakuna distibuta wala waya ndefu. Kila plagi imevikwa koili yake kichwani. Kwa vyovyote vile kazi ni nzito. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inadai cheche 100 kila sekunde. Ikikosa tano tu kati ya hizo, unaisikia kwenye usukani.

Na lazima kila cheche ije kwa wakati wake, kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma mapema mno unamgonga akiwa bado anakuja, ukichelewa unasukuma hewa. Mafundi huita taimingi, na nitairudia kwa ufupi mbele.

Mwanjelwa, mkesha wa Krismasi

Sasa turudi kwenye ile plagi iliyolazwa juu ya injini. Pale ilipo, pengo lake limezungukwa na hewa ya kawaida, hii tunayoivuta. Ndani ya silinda hali ni nyingine kabisa. Pistoni imepanda na kuushindilia mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka ukabaki kwenye karibu moja ya kumi ya nafasi yake ya mwanzo.

Fikiria unakatiza soko la Mwanjelwa. Alfajiri, kabla wafanyabiashara hawajapanga bidhaa, unapita bila kumgusa mtu. Rudi mchana wa mkesha wa Krismasi: njia ni ileile, urefu uleule, lakini unapita kwa mabega. Cheche nayo iko hivyo. Kuruka milimita 1 kwenye hewa ya nje kunahitaji volti elfu tatu hadi nne hivi. Pengo hilohilo ndani ya silinda iliyoshindiliwa hudai elfu kumi na zaidi, na gari likiwa linavuta mlima linaweza kudai elfu ishirini au kupita. Koili mgonjwa anayeweza kutoa elfu nane ataonyesha cheche nzuri tu juu ya chuma cha injini, kisha atashindwa mahali penyewe anapohitajika.

Kwa nini mlimani hasa? Kwa sababu ukikanyaga pedali, unachofungua kwenye gari la petroli ni njia ya hewa. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa pedali, hewa inayoingia ni kidogo, hivyo hata ikishindiliwa umati si mkubwa. Ukiwa gia ya tatu kwenye mpando, pedali imezama zaidi ya nusu, silinda inajaa hewa tele, na ikishindiliwa inakuwa ule mkesha wa Krismasi. Umeme, kama maji, hutafuta upenyo ulio rahisi. Kama mpira wa waya wa plagi una ufa mdogo karibu na chuma, basi kwenye tambarare kupita kwenye plagi ni rahisi kuliko kupita kwenye ufa, na gari linakwenda. Mlimani plagi inakuwa njia ngumu, ufa unakuwa njia nyepesi, na cheche inatorokea nje. Hiyo ndiyo kwikwi. Sisi tuna Isongole na Mlima Nyoka, wenzetu wa Iringa wana Kitonga, na yote hiyo inapima mfumo wa kuwasha kwa ukali ambao plagi iliyolazwa juu ya injini haiwezi kuufikia.

Hapa niseme jambo kuhusu urefu wetu kutoka usawa wa bahari, maana husingiziwa sana. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na pwani. Ni kweli injini isiyo na taabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, kwa sababu oksijeni ya kuchomea petroli imepungua. Si kweli kwamba hewa nyepesi inaua cheche. Umati ukipungua, cheche hupita kwa urahisi zaidi ndani ya silinda. Gari linalopanda kutoka Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa chini ya mita 500, litalegea kadiri linavyopanda hata kama kila kitu ni kizima, lakini litalegea kwa ulaini. Likianza kushtuka na kukata, huo ni ugonjwa, na mlima umeufichua tu.

Kinachotuumiza kweli huku ni unyevu na baridi. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote Tanzania, na Juni na Julai asubuhi za Njombe, Makete na Mbeya ni baridi kweli. Gari lililolala nje linaamka na umande ndani ya kofia ya distibuta na juu ya waya za plagi. Kwenye kofia isiyo na ufa umande huo hauna madhara makubwa. Penye ufa au mistari myeusi ya kaboni, unyevu unakuwa daraja la umeme, na gari haliwaki mpaka jua litoke. Ndipo watu husema "gari langu halipendi baridi". Ikaushe kofia kwa kitambaa kikavu, ndani na nje, uitazame kwenye mwanga. Mstari mwembamba kama uliochorwa kwa penseli kati ya nguzo mbili za shaba ndio adui wako, na kuusugua kwa msasa hakuuondoi. Kofia hiyo imekufa.

Kupima bila kukisia

Kosa letu kubwa ni kupima kwa pesa: badilisha plagi, halafu waya, halafu koili, mpaka ugonjwa uondoke au fedha ziishe. Njia ya busara ni kufuata safari ya umeme kutoka betri hadi plagi, ukiuliza swali moja kwenye kila kituo.

Anza na betri hata kama injini inazunguka. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma volti 12.6 hivi. Weka mita kwenye vichwa vyake, mtu apige selfu: isishuke chini ya volti 10, au tisa na nusu kwenye baridi kali. Selfu inakula umeme mwingi, na kama betri ni dhaifu koili inaachiwa makombo, haijai sumaku. Dalili yake ni gari la gia za mkono linalozunguka bila kuwaka kwa selfu, lakini likisukumwa linawaka mara moja. Usisahau waya wa kurudi, ule unaounganisha injini na bodi na hasi ya betri. Ukiwa na kutu au umelegea, unazaa matatizo ambayo hayafanani hata kidogo na kutu.

Kwa gari lenye distibuta ambalo limezima ghafla barabarani, kabla hujagusa kitu kingine fungua kofia, mtu apige selfu, utazame rota. Isipozunguka, acha kutafuta cheche. Mkanda wa taimingi umekatika, na ukiendelea kupiga selfu kwenye baadhi ya injini unagonganisha valvu na pistoni. Jaribio hilo linachukua dakika mbili, na nashangaa ni wachache wanaolifanya.

Kama koili ni ya nje yenye vichwa viwili, taa ya kupimia inakuambia mengi. Ukiwasha swichi, kichwa cha chanya kiwake muda wote. Hamisha taa kwenye kichwa cha hasi, piga selfu: lazima ipepese. Ikipepesa, mkataji anafanya kazi, na kama cheche haipo basi mtuhumiwa ni koili yenyewe au waya wake wa katikati. Ikikaa tu bila kupepesa, koili haina kosa. Tafuta platini, kikataji cha elektroniki au sensa. Tumia taa ndogo ya LED, na usichokonoe nyaya za kontrol boksi kwa taa ya balbu. Kuna ugonjwa mwingine wa magari ya zamani unaochanganya watu: linawaka ukiwa umeshika funguo kwenye selfu, ukiachia linazima. Hapo mara nyingi ni kile kizuizi cha umeme kilicho njiani kuelekea koili kimekatika, au swichi ya funguo imechakaa. Wakati wa selfu umeme hupitia njia ya pembeni. Ukiachia, njia ya kawaida haipo.

Mita ya omu, inayopima ukinzani wa waya, inasaidia, ila isikutawale. Koili ya aina ya zamani husoma kati ya omu 1.5 na 3 kwenye waya mnene, na maelfu, kama 6,000 hadi 15,000, kwenye waya mwembamba. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Waya za plagi za Toyota za zama za 5A-FE zisizidi omu 25,000 kila mmoja. Lakini mita hutumia umeme wa betri yake ndogo, kwa hiyo inaweza kukuambia waya haujakatika huku ikishindwa kabisa kuuona ufa wa mpira unaovuja kwenye volti elfu ishirini. Waya zangu zote nne zilisoma vizuri. Na koili inayokufa ikipata moto husoma vizuri ikiwa baridi. Gari likizima kila linapochemka na kuwaka likipoa, pima palepale lilipozimia, usisubiri lifike gereji likiwa limepoa. Sensa ya shafti kuu nayo ina tabia hiyohiyo, hivyo usihukumu koili kwa dalili hiyo pekee. Koili za IST zina kikataji ndani yake na waya nne, kwa hiyo kuzipima kwa omu hakukuambii kitu cha maana.

Za aina hiyo zina jaribio lake, na ni la bure. Kama silinda ya 3 inamisi, hamisha koili yake kwenye silinda ya 1 na ya 1 uipeleke 3. Ugonjwa ukihamia 1, koili imejitaja. Ukibaki 3, hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Ukibaki tena, geukia nozeli ya silinda hiyo, au mgandamizo wake. Hata mashine ya kusoma makosa inahitaji msaada huu. Msimbo P0303 unasema silinda ya 3 imekosa kuwaka. Hausemi koili, wala plagi, wala nozeli, na P0300 hausemi hata ni silinda gani. Nimeona watu wakiuziwa koili nne kwa sababu "mashine imesema koili". Mashine haikusema hivyo. Na taa ya injini ikiwa inapepesa kwenye dashibodi badala ya kuwaka tuli, punguza mwendo: petroli isiyoungua inaingia kwenye kifaa cha kusafisha moshi kilichoko kwenye ekzosi na kukichoma, na hicho ni ghali kuliko koili zote.

Tukifika kwenye cheche yenyewe, ule mtindo wa kulaza plagi usitupwe, uboreshwe. Kinachotakiwa ni kipima cheche chenye pengo la milimita 6 au 7, ambacho hubanwa imara kwenye chuma cha injini. Kuruka pengo hilo kwenye hewa ya wazi kunadai volti zinazolingana na zile za mlimani, kwa hiyo sasa umelileta soko lililojaa nje ya silinda. Cheche nene ya buluu inayopiga kwa sauti inatosha. Nyembamba, ya manjano au nyekundu, au inayokatakata, haitoshi. Kabla ya kupiga selfu chomoa fyuzi ya mafuta au soketi za nozeli, maana petroli na cheche juu ya injini moja ni moto wa kuteketeza gari. Usishike waya kwa mkono, na mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asikaribie kabisa. Vilevile achana na ile tabia ya kuchomoa waya za plagi mmojammoja injini ikiwa inaunguruma ili kusikiliza ipi inamisi. Cheche isiyo na pa kwenda inatoboa koili kutoka ndani, au inakupitia wewe. Chomoa soketi ya nozeli badala yake. Silinda ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki, ndiyo haikuwa inafanya kazi.

Plagi zenyewe zichomolewe injini ikiwa imepoa, maana nyuzi za kichwa cha aluminiamu huharibika kirahisi zikiwa za moto. Zipange kwa namba za silinda, uzisome. Rangi ya kahawia iliyofifia ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na sisi wenye barabara za vumbi mara nyingi chanzo chake ni filta ya hewa iliyoziba. Utelezi mweusi wa oili ni pete za pistoni au sili za valvu. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi, usiliache. Kama ni sehemu ya nje ya plagi, ile ya juu, ndiyo imelowa oili, basi gasketi ya mfuniko wa juu wa injini inavuja ndani ya shimo la plagi, na oili hiyo hulainisha mpira wa koili mpaka uvuje umeme. Maji ya kuoshea injini kwa presha huingia humohumo na kukaa. Gari likianza kumisi siku ileile ya kuoshwa, pulizia upepo mashimo hayo kabla hujanunua kitu.

Pengo la plagi lipimwe kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Magari mengi yako kati ya milimita 0.7 na 1.1, na kila injini ina lake. Ncha zinalika polepole na pengo linapanuka, koili inalazimika kupanda volti juu zaidi, na siku moja mlima unaidai kuliko uwezo wake. Wapo wanaopanua pengo makusudi wakiamini cheche ndefu huongeza nguvu. Wanaibebesha koili mzigo tu. Plagi za iridiamu nazo haziongezi nguvu kwenye injini iliyokuwa na plagi nzuri za kawaida; faida yake ni kudumu, kwani hufika kilomita 100,000 hivi wakati za kawaida hubadilishwa kwenye 20,000 hadi 30,000. Faida hiyo ipo tu kama ni halisi. Bandia zimejaa, na iridiamu ya bei ya nikeli haipo. Plagi mpya yenye washa (ile pete ya chuma) ikaze kwa vidole mpaka iguse, kisha ongeza nusu mzunguko au zaidi kidogo kwa spana, basi.

Taimingi ipime mwishoni, kwa taa yake maalumu, na kwa magari yenye distibuta tu. 5A-FE huwekwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, baada ya kuunganisha vituo viwili kwenye soketi ya kupimia ili kontrol boksi isiingilie. Kwenye IST hakuna cha kuzungusha, kontrol boksi inaamua yenyewe.

Usiku uliofichua waya wa tatu

Ugonjwa wa Corolla yangu haukuonekana kwa mita wala kwa mchana. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na magari ya platini aliniambia niliweke gari gizani, injini ikiunguruma, boneti wazi, halafu ninyunyize ukungu mwepesi wa maji kwenye waya za plagi kwa kile kichupa cha kunyunyizia nguo za kupiga pasi. Ukungu tu, bila kumwaga, na mikono iwe mbali. Nilizima taa ya uani, nikanyunyiza. Waya wa silinda ya 3, mahali uliposugua bano la chuma, ukaanza kurusha vicheche vya buluu kama vimulimuli, na hapohapo injini ikapata kwikwi ileile ya Isongole. Pampu niliyoitoa ilikuwa nzima.

Nilinunua seti ya waya nne, nikazipitisha kwenye vishikio vyake zisisugue tena, kisha nikarudi Igawilo. Huo ndio upimaji wa mwisho ambao kila mtu wa huku anaweza kuufanya: mpando uleule, gia ya juu kidogo kuliko ungependa, pedali imezama, madirisha yamefungwa, redio imezimwa. Ukisikia kukatika kwa ghafla, kama mtu anayezima na kuwasha taa, bado uko kwenye cheche. Gari likilegea taratibu, likikosa pumzi bila kushtuka, na vituo vyote nilivyotaja umeshavipima, basi mwambie fundi afunge geji kwenye laini ya mafuta na kupima presha injini ikiwa inavuta, kabla ya kumruhusu kugusa pampu.